Maboksi Aliyoyachoma Hamud

Mimi nauza mapazia. Nalisema hilo mapema, usije ukadhani mimi ni daktari au mwanasheria, maana katika habari hii nitataja dawa na nitataja mahakama, na yote mawili nimeyajua kwa kuumia. Duka langu na la Hamud yalitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na baraza letu ni moja. Miaka kumi na tisa nimesikia akikohoa, akikaripia paka, akipunguza bei. Kama kuna mtu wa kumwelezea Hamud, ni mimi, hata kama siku hizi mtaani wananiangalia vibaya nikilitaja jina lake.

Alikuwa muuza ubani. Ubani, udi, manukato ya vichupa, habasoda, asali ya Tabora kwenye madumu. Babu yake ndiye aliyetoka Hadhramaut. Yeye kazaliwa mtaa wa Gerezani, kakulia Kariakoo, na Kiarabu chake kilikuwa cha msahafu, cha barua za mizigo na cha kugombana na huyo paka. Mtu wa kanzu safi na sauti ya chini. Sijawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti, na Kariakoo hiyo si kazi ndogo, hapa hata salamu tunapigiana kelele.

Sifa yake kubwa ilikuwa stara. Nitakupa mfano mmoja. Siku moja mama mmoja alichomoa kichupa cha manukato akakitia kwenye mkoba, akaondoka. Nilimwona, Hamud naye alimwona. Nikafungua mdomo niite mwizi. Hamud akaninyamazisha kwa mkono, akamfuata yule mama taratibu mpaka kwenye kona, akamwambia, "Dada, umesahau kifuniko chake," akampa. Basi. Mama wa watu alirudi kesho yake kulipa, analia. Nilimpenda Hamud kwa tukio lile, na nilimsimulia kila mtu. Sikujua kwamba tabia ile ile ndiyo itakayotuingiza kaburini.

Kama miaka sita nyuma, mtu anayemletea udi kutoka nje alianza kumchanganyia na katoni za vidonge. Vidonge vya wanaume, vya kurudisha nguvu. Leseni ya Hamud ilisema ubani, manukato na asali. Vidonge haikuvitaja popote. Lakini nani mtaani hapa anafuata leseni neno kwa neno? Wateja walikuja wenyewe. Watu wazima, wenye heshima zao, wengine na tasbihi mkononi, wengine na rozari shingoni. Walisimama mbele ya ubani, wakashika hiki, wakashika kile, wakasubiri duka liwe tupu. Hamud hakuwaacha waseme. Mtu akishasimama pale kwa muda bila kununua, Hamud alielewa, akageuka nyuma, akarudi na kifurushi cha karatasi ya kaki kilichosokotwa ncha.

Ndani ya kile kifurushi mlikuwa na ubani kidogo, na katikati ya ubani vidonge vinne vya manjano, vitupu, havina jina. Kwa sababu asubuhi, kabla hajafungua mlango wote, Hamud alikuwa ameshayatoa maboksi yake, ameshavikwanyua vidonge kwenye karatasi zake za bati, na maboksi pamoja na vile vikaratasi virefu vya maelezo ameshavitia kwenye chetezo cha kufukizia duka. Moshi wa karatasi una harufu yake. Ukichanganyika na udi unawasha koo. Nikikohoa upande wangu nilijua leo mzigo umeingia.

Siku moja nikamuuliza, nusu utani. "Kaka Hamud, mbona unachoma barua za watu?"

"Dada Mgeni, mtu mzima akirudi na boksi lile mfukoni, mkewe akaliona, nyumba imeshaingia maneno. Mimi namtoa hapa na ubani. Anafika kwake na ubani."

"Na hayo maandishi yanasemaje?"

"Maandishi ya dawa yote ndiyo hayo hayo. Kichwa, macho, moyo."

"Kwa hiyo huwaulizi afya zao?"

Akaniangalia kama nimetukana. "Mwanamume kaja kwangu na aibu moja, nimuulize na habari za kifua chake? Hiyo ni kumvua nguo mara mbili."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka sana, nikaenda kuwasimulia wenzangu.

Sasa nimtaje Kasmir. Kasmir alikuwa ng'ambo ya barabara, Mchaga wa Machame, muuza vyombo kwa jumla: chupa za chai, masufuria, mabeseni yaliyopangwa mpaka dari. Hamud alimwita Mangi, naye alimwita Hamud Sheikhe, ingawa Hamud hajawahi kusomesha mtu hata alifu. Idi ikifika halua ilivuka barabara kwenda kwa Kasmir. Krismasi ikifika pilau ilivuka kuja kwetu, tena mke wake Fortunata, tunayemwita Mama Allan, alikuwa akihakikisha kuku wa Hamud amechinjwa na Mwislamu. Watu wa namna hiyo. Yanga ikifungwa Kasmir alikuja kumcheka Hamud. Simba ikifungwa Hamud alivuka na kanzu yake kwenda kulipiza.

Mwaka jana, mwezi wa nane, nilikuwa napandisha marobota ya vitambaa stoo ghorofa ya pili. Kwenye ngazi nikamkuta Kasmir amekaa, shati limelowa, uso umekuwa wa majivu. Alikuwa anafungua kichupa kidogo. Akatoa kidonge kidogo kama punje ya mchele, akakitia chini ya ulimi, akafumba macho. Nikasimama pale na robota langu kichwani. Baada ya dakika chache rangi ikamrudia.

"Moyo," akasema. "Daktari kanipa hizi. Bi Mgeni, hujaniona."

"Mangi, mwenzio Hamud anajua?"

"Asijue mtu. Unajua hapa palivyo. Wakisikia Kasmir mgonjwa, mzigo hawanipi tena. Hujaniona."

Nikamwambia sijamwona. Nilijiona mtu mwema, mtu wa kutunza siri.

Wiki haikuisha. Jumamosi, adhuhuri imeshaadhiniwa, watu wamepungua kidogo, nikamwona Kasmir anavuka barabara. Hakuja kwa kelele kama kawaida yake. Aliingia kwa Hamud akasimama mbele ya ubani. Akashika udi, akaurudisha. Akanusa kichupa cha manukato. Kasmir, manukato! Nilikuwa kwenye kizingiti changu, nimeshika futi, na nilielewa kabla ya Hamud. Hamud aliona haya kuliko siku zote, maana huyu ni rafiki. Aligeuka nyuma haraka, akarudi na kifurushi, akamtilia mkononi bila hata kumtazama usoni. Kasmir akatoka.

Nilikuwa na mambo mawili kichwani, na hakuna mwingine Kariakoo nzima aliyekuwa nayo yote mawili. Sikujua kitaalamu kwamba dawa ile na kidonge cha chini ya ulimi vikikutana mwilini damu inashuka ghafla mpaka moyo unakosa cha kusukuma. Hilo nimeelezwa baadaye. Lakini nilijua moyo ni moyo. Nilinyanyua mkono nimwite. Na wakati uleule wakaingia mama wawili wa harusi na vipimo vya madirisha saba, na moyoni nikasema: nitamwitaje mbele ya watu? Nitamwambia nini, Mangi, rudisha hicho ulichonunua? Nikasema nitamwambia Jumatatu.

Kasmir alifariki Jumamosi hiyohiyo, saa kumi na moja jioni. Alikwenda kwake mapema kupumzika. Kifua kikambana, akafanya alivyofundishwa, akaweka kidonge chini ya ulimi. Akaanguka mlangoni pa chumba. Hospitali waliuliza ametumia dawa gani, Fortunata akawapa kile kichupa, kwa sababu ndicho alichokijua. Walimwongezea dawa ya aina ileile, maana ndiyo dawa ya kifua kilichobana, na hawakuwa na sababu ya kuogopa.

Tulimsindikiza mpaka Machame. Hamud alipanda basi pamoja nasi, akakaa kiti cha dirishani, hakula njia nzima. Makaburini pale chini ya migomba aliomba ruhusa ya kutupa udongo, wakampa, akatupa mara tatu. Wakati huo hakujua. Nakwambia kwa yakini, hakujua, nilimtazama vizuri. Aliyejua ni mimi, na mimi nilikuwa nimeshika kanga mdomoni nasikiliza wazee wakisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kila mmoja akinitazama nilidhani ananisema mimi.

Wiki ya tatu Fortunata alirudi Dar. Hakupitia dukani kwake. Alikuja moja kwa moja na nguo zake nyeusi, akapanda baraza letu, akaweka kitu juu ya meza ya Hamud. Kilikuwa kifurushi cha kaki, kimefunguliwa.

"Baba Rawan," akasema, akimwita Hamud kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "hii nimeikuta mfukoni mwa mume wangu. Sisi nyumbani kwetu hatufukizi. Nimeinusa nikaijua, mtaa mzima unanuka hivi. Ni ya kwako?"

Hamud aliangalia vile vidonge viwili vilivyobaki. Nilikuwa nimesimama upande wangu, kwenye kizingiti.

"Ubani ni wangu, shemeji."

"Sikuulizi ubani."

Fortunata akasokota karatasi yake, akaitia kwenye mkoba. "Mume wangu alikuwa na moyo," akasema. "Majibu ya maabara yametoka. Dawa mbili ndani ya damu moja." Akashuka barazani. Ndipo Hamud alipojua, na alikaa kwenye kigoda chake mpaka Alasiri ikampita, mtu ambaye sala haijawahi kumpita.

Barua ya wakili ilikuja baada ya siku kumi. Wakili wa Fortunata aliitwa Pius, kijana mwenye miwani, mpole wa kutisha. Madai: kuuza dawa bila kibali, kuondoa maelezo ya hatari, kusababisha kifo kwa uzembe, na fidia kwa mjane na watoto. Hamud akampigia Basil, mtoto wa dada yake, naye wakili. Basil alikuja dukani akasoma barua akiwa amesimama, akaanza kutabasamu.

"Mjomba, hawana kitu. Risiti ipo?"

"Hapana."

"Boksi lipo? Karatasi ya maelezo? Daftari lenye jina lake?"

"Hapana. Sijawahi kuandika jina la mtu."

"Vidonge havina alama. Ubani kila mtu anauza. Kuna aliyekuona ukimpa?"

Hamud akageuka akatazama ukuta, upande wangu.

"Basi nyamaza tu, mjomba. Usiseme lolote."

Nilisikia vizuri kabisa, ule ukuta ni mbao. Yale yale yaliyomuua Kasmir, kutouliza, kutoandika, kuchoma, sasa ndiyo yanamwokoa Hamud. Nilikasirika mpaka nikavunja kulabu ya pazia. Lakini nikaogopa pia. Lile duka ndilo lililomlea Rawan na ndugu zake, na akifungwa, pale jela nani angekwenda kumpelekea chakula kama si mimi? Tangu siku hiyo tukaacha kuongea. Asubuhi tulipeana salamu, basi. Chetezo hakikuwashwa tena, na mtaa ukawa hauna harufu. Wateja wa kujizungusha waliendelea kuja, akawa anawaambia hakuna, hakuna, bila kuwaambia kwa nini.

Kisha Pius akaja kwangu, akaomba maji ya kunywa, akaniuliza kwa upole wake ule, "Mama, Jumamosi ile ulikuwa umefungua?" Nikasema ndiyo. Neno moja tu hilo, na nikaandikwa shahidi.

Siku ya shauri tulikuwa chumba kidogo chenye feni inayolia. Hakimu mwanamke, mtu wa makamo. Fortunata na mwanawe Allan upande mmoja, Hamud na Basil upande mwingine. Basil alisimama akasema mteja wake ni muuza ubani, habari za vidonge hazijui, wadai walete uthibitisho. Alisema kwa ufasaha, nami nikaona Hamud anatazama vidole vyake vya miguu. Kisha nikaitwa. Nikaapa kwa msahafu.

"Mama," Pius akasema, "tuambie ulimwona marehemu akinunua nini."

Allan alikuwa mbele yangu, nimemjua tangu ananyonya. Nimwambie baba yake alikuwa amepungukiwa nini? Mbele ya karani, mbele ya askari mlangoni, mwanamke mtu mzima? Nikasema, "Alinunua..." nikakwama. Nikaanza tena.

Kiti kikasukumwa. Hamud alikuwa amesimama. Basil alimvuta kanzu, Hamud akaitoa mkononi mwake.

"Mheshimiwa, mwacheni mama wa watu. Si maneno ya kumsemesha yeye. Nitasema mimi."

Akasema yote. Hakimu alimwonya kwamba maneno yake yataandikwa, akasema yaandikwe. Pius akamuuliza polepole, swali baada ya swali.

"Ulimuuliza marehemu kama ana maradhi ya moyo?"

"Sikumuuliza."

"Kile kikaratasi cha maelezo ulichokichoma, uliwahi kukisoma?"

"Mara moja. Mwanzoni, miaka sita nyuma. Upande wa Kiarabu."

"Kilisemaje?"

"Kilisema mwenye dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi asiguse kabisa."

Hapo Fortunata akasema, bila kusimama, bila kuruhusiwa, "Daktari alimwambia. Alimkataza vile vidonge vya kwenye boksi, mimi nikiwepo. Kasmir hakuwa mjinga. Angeliona boksi angelirudisha. Kapewa karatasi ya ubani, akadhani ni dawa ya mizizi." Hakimu hakumkatiza.

Nami nikasema langu. Nilisema nilimwona kwenye ngazi, nilimwona dukani, na nilinyamaza. Fortunata aligeuka akanitazama. "Mama Mgeni," akasema, "umekula kwangu Krismasi zote hizi." Maneno hayo nayasikia usiku na mchana.

Hakimu alimaliza kuandika, akainua kichwa kumtazama Hamud.

"Mzigo uliomfikia marehemu ulikuwa maboksi mangapi?"

"Arobaini, mheshimiwa."

"Yamekwisha?"

"Yalikwisha kabla ya msiba."

"Ulimuuzia nani?"

"Watu wengi. Watu wazima."

"Majina yao?"

Nilimwona Hamud anajaribu kweli, macho yanatembea kana kwamba watu wale wamepanga foleni mbele yake. "Siyajui," akasema. "Niliona vibaya kuwauliza. Hata nyuso, mheshimiwa, sikuwa nikiwatazama."

Hakimu akaamuru mamlaka ya dawa na polisi wapewe taarifa siku hiyohiyo, akaahirisha shauri kwa wiki mbili. Basil aliondoka bila kumuaga mjomba wake. Kwa kuwa hakuna aliyebaki, tulirudi pamoja, mimi na Hamud, kwa basi la mwendokasi. Tukashuka kituo cha Gerezani saa nane mchana, jua kali, watu wamejaa wanasubiri basi la kutoka.

Hamud akasimama ghafla, nikamgonga mgongoni. Mbele ya mlango wa basi, katikati ya watu wanaosukumana, kulikuwa na mzee mmoja wa shati la mikono mirefu, ameshika mkono wa mjukuu. Kumbe kuna sura moja ilimkaa Hamud akilini, labda kwa ule mkono wa kushoto wa mzee uliopungua vidole viwili.

"Bwana!" Hamud aliita. Kisha akapiga kelele, yeye, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. "Wewe bwana! Vile vidonge! Ulivyochukua kwangu, usivimeze! Unatumia dawa ya moyo wewe?"

Kituo kizima kiligeuka. Wengine wakacheka. Yule mzee alimwona Hamud, akamtambua, nikaona uso unavyomshuka kwa aibu. Akamsukuma mjukuu ndani, akaingia nyuma yake, akageuzia uso upande wa pili wa dirisha.

"Vitupe!" Hamud alikuwa ameshafika kwenye basi, anagonga kioo kwa kiganja. "Bwana, vitupe! Vinaua!"

Basi likaondoka. Hamud alikimbia nalo hatua chache na kanzu yake, kisha akarudi pale nilipokuwa, anahema.

"Dada Mgeni," akaniuliza, "unamjua yule?"

Nikamwambia simjui.